Mkate Mwepesi wa Kunegunda

Chungu kilikuwa kimoja, wanawake wawili, na unga kila mtu na wake. Aibu ya Kunegunda ilianzia hapo, na asije mtu akasema ilianzia kwenye njaa. Njaa mwaka ule ilikuwa ya wote, kutoka milima ya Matogoro mpaka Mpitimbi na mbele yake, na si wote waliofanya alichofanya yeye.

Mume wao, Chande, alikwisha kufa. Alikunywa maji ya dawa kama wanaume wenzake, akaenda vitani, akarudi na jeraha la pajani, na kidonda hakijafunga askari wa Mjerumani wakaja kumchukua, wakamnyonga bomani Songea pamoja na wengine. Baadaye askari walipita kijiji kwa kijiji wakichoma maghala. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilikaa hewani siku tatu, na watu wakawa wanainusa matumbo matupu. Ng'ombe walikwenda, mbuzi walikwenda, kuku walikwenda mpaka vifaranga.

Kilichobaki ni shimo. Kabla ya vita Chande alikuwa amechimba shimo nyuma ya zizi, akalijaza mahindi makavu, akalifukia na kumwaga samadi juu yake. Aliyelijua ni Chiku peke yake, mke mkubwa. Angeweza kunyamaza akala na binti yake, Mwanne, na hakuna ambaye angejua. Hakunyamaza. Alimwita Kunegunda, mke mdogo, mama wa Benigna, wakafukua pamoja asubuhi moja ya mvua, wakagawana kikapu kwa kikapu mbele ya mama mkwe wao, nusu kwa nusu, mpaka punje za chini zilizoanza kushika ukungu.

Mama mkwe huyo aliitwa na wote Mama Chande. Jina lake jingine wakamwana hawakulitamka, na heshima ilikuwa ndiyo hiyo. Alikuwa mzee wa meno mawili na ulimi mkali wa kutosha watu kumi. Alikuwa hana shimo wala kikapu chake. Alikula kwa wakamwana wake, kama ilivyotakiwa.

"Tupike chungu kimoja kwa zamu," Chiku alisema siku ile ya kugawana. "Leo mimi, kesho wewe. Kuni zenyewe hazitoshi moto wa nyumba mbili."

"Tutie unga kiasi gani?" Kunegunda aliuliza.

Chiku alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama Benigna, tangu lini wake wa nyumba moja wakapimiana unga? Chungu kijae. Basi."

Naye alikuwa na haki ya kukasirika. Kwao ghala la mke halichunguliwi, hata na mumewe. Kumwuliza mwenzako ametia bakuli ngapi ni kumwita mchoyo au mwizi, na mke aliyeulizwa hivyo angeweza kulipeleka jambo kwa wazee na mwulizaji akatozwa jogoo. Kwa hiyo kipimo kikawa chungu. Kikijaa, mke wa zamu ametimiza, na hakuna mwenye neno.

Walipika mkate badala ya ugali, kwa kuwa ugali unataka kitoweo na kitoweo hakikuwapo, na mkate unaweza kukatwa vipande sawasawa, kingine ukaenda nacho porini kuchimba mizizi. Walaji walikuwa watano: Mama Chande, wajane wawili, Mwanne wa miaka sita, na Benigna, binti wa Kunegunda, wa miaka mitatu. Mkate wa Chiku ulikuwa mkate wa mahindi kama mingine yote. Unga, maji ya moto, chumvi ikipatikana; unakandwa, unashindiliwa chunguni, kigae juu, na makaa juu ya kigae. Ulitoka mzito, mgumu pembeni, na ukishaumeza ulikaa nawe mpaka kesho yake. Wiki tatu za mwanzo mkate wa Kunegunda ulikuwa vivyo hivyo.

Halafu Benigna akaanza kuharisha. Alipopona hakurudi alivyokuwa. Shingo ilibaki nyembamba, nywele zikawa nyekundu na kukatika kwa kushikwa tu, na alipoitwa aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Alitaka uji, tena mara kwa mara. Kunegunda alitazama kikapu chake cha unga, akatazama mahindi shambani ambayo hayakuwa yamefika magotini, akahesabu miezi kwa vidole, akaogopa.

Hapo ndipo akakumbuka jiko la misheni.

Kunegunda alilelewa misheni tangu utoto, na huko ndiko alikopewa jina. Aliondoka baadaye kumfuata Chande kama mke wa pili, mapadre wakamfungia sakramenti, lakini hiyo ni habari nyingine. Jikoni kule alimpikia Sista mmoja aliyekuwa akinenepa na kuogopa kunenepa. Wasichana wa jikoni walilicheka jambo hilo mpaka wakashika mbavu, maana Ungoni mtu akinenepa husifiwa. Daktari alimwambia Sista apunguze mafuta, sukari na viini vya mayai. Unga wa ngano ulitoka pwani vichwani mwa wapagazi na mara nyingi haukufika. Basi akataka mkate wa mahindi, ila uwe mwepesi, usiolala tumboni.

Walihangaika naye wiki nzima, mikate mingine wakaitupia nguruwe. Mwishowe wakapata njia. Uji wa mahindi unalazwa siku mbili karibu na jiko mpaka uchachuke. Unga unachekechwa uwe laini. Unachemsha mlenda, unachuja utelezi wake, unachanganya vyote na kupiga kwa mwiko mpaka mkono ufe ganzi, kwa sababu ule utelezi ndio unaoshika hewa. Mwisho kabisa, chungu kikiwa kimeshapata moto, unatia maji ya majivu yaliyochujwa. Yakikutana na uchachu, rojo lote linafura povu. Unamimina upesi, unafunika, na huinui kigae hata ukiitwa na nani. Mkate unaumuka mpaka unagusa kifuniko. Sista alikula vipande vitatu, akasikia bado ana njaa, akapiga makofi. "Huu ndio wenyewe," alisema. "Unajaza sahani bila kumjaza mtu."

Mlenda ulikuwapo, uliota wenyewe kando ya mashamba yaliyoungua. Majivu ndiyo kitu pekee kilichokuwa tele Ungoni mwaka ule. Siku ya zamu yake Kunegunda alitia bakuli tatu za unga pale alipozoea kutia tano, akapiga rojo nyuma ya nyumba ambako hakuna aliyemwona. Mbili zilizobaki akazificha ndani ya kibuyu, chini ya kitanda.

Alipofunua chungu jioni, mkate ulikuwa umepanda mpaka juu, umepasuka katikati, tena umegeuka manjano kwa yale maji ya majivu. Mwanne aliruka akashangilia. Chiku aliinama akautazama, akasema, "Aka! Umefanyaje?"

Mama Chande alipewa kipande chake kwanza. Alikibana kwa vidole, kikabonyea na kurudi. Alikitia mdomoni kwenye ufizi, na hakikuhitaji hata yale meno mawili. Akafumba macho.

"Yai," alisema. "Mkamwana, umetia yai. Umelipata wapi?"

Hapo Kunegunda angeweza kusema. Neno lilikuwa jepesi tu: si yai, Mama, ni majivu. Lakini wangeuliza majivu ya nini, na majivu yangezaa mlenda, na mlenda ungezaa bakuli mbili. Akainama, akacheka kidogo, kama mke mwenye siri nzuri.

"Kula tu, Mama," alisema.

Kesho yake mchana, Chiku na Mwanne walipokwenda bondeni kuchimba mizizi na Mama Chande akiwa amelala, Kunegunda alikoroga uji wa unga ule wa kibuyuni na kumlisha Benigna nyuma ya nyumba. Alimpangusa midomo. Akamwambia, "Usimwambie mtu." Mara ya nne mtoto alijipangusa mwenyewe kwa kiganja, pande zote mbili, kabla hajaambiwa. Kunegunda alipoona hivyo uso ulimwaka moto. Aliona aibu mbele ya mtoto wa miaka mitatu, lakini hakuacha.

Ukikata mkate ule vipande vitano sawa, kila mtu alipata kipande kikubwa. Kwa macho hakuna aliyepunjwa. Na kweli ni kwamba kila siku ya zamu ya Kunegunda, Mwanne alilala na njaa bila kujua kwa nini, na Chiku alifunga kitambaa tumboni akidhani ni uchovu, na Kunegunda alijua.

Mambo yangebaki hivyo, dhambi ya kificho kama dhambi nyingine, lau Mama Chande hangeupenda mkate ule. Aliupenda kupita kiasi. Alisimulia kwa majirani waliobaki, wanawake waliokuja kuomba kaa la moto au habari za boma, jinsi mkamwana wake mdogo anavyoyajali meno ya wazee.

"Huyu amenipikia mkate hata kifaranga angemeza," alisema, na Chiku amekaa pale pale akitwanga. "Yule mwingine ananipa mawe. Sijui ana hasira gani nami. Labda anataka nimfuate mwanangu upesi."

 Mchi wa Chiku uliendelea kupanda na kushuka. Lakini siku za zamu yake Chiku, Kunegunda alimwona akichekecha unga mara mbili, akitwanga chenga upya, akiongeza bakuli ya sita ili mkate ukandike laini. Akiongeza kutoka kwenye kikapu kile kile alichogawana nao kwa hiari yake. Mkate ulitoka mzito zaidi. Mama Chande aliumega, akautafuna upande mmoja, akautema mkononi, akampa Mwanne.

"Nitangoja kesho," alisema. "Kesho ni zamu ya mwenye mkono mwepesi."

Wiki hiyo Mama Chande alihamisha mkeka wake kutoka nyumba ya Chiku kwenda ya Kunegunda. Alikuwa amelala kwa Chiku miaka kumi na miwili. Chiku mwenyewe ndiye aliyembebea mkeka, na kigoda, na chungu cha maji, akaviweka mlangoni kwa Kunegunda bila kuingia.

Siku mbili baadaye akaja. Alipiga magoti, yeye mke mkubwa, mbele ya mke mdogo aliyekuwa akichambua mlenda.

"Mama Benigna," alisema, "nifundishe."

"Nikufundishe nini, Mama Mwanne?"

"Huo mkate. Mama hali kwangu. Siku zangu zote analala bila kitu. Nimejaribu ninavyojua, siwezi. Nifundishe, hata kama ni siri ya Wazungu. Sitamwambia mtu."

Mlenda ulikuwa mapajani mwa Kunegunda, majani yote wazi. Akimfundisha, Chiku angeona kwa siku moja tu unga unavyopungua, maana hakuwa mjinga. Angejua kwamba chungu kinajaa kwa bakuli tatu, na angejua zile mbili zilikwenda wapi.

"Hakuna siri," alisema. "Ni mkono tu. Wengine tumejaliwa."

Chiku aliinuka akakung'uta magoti. "Basi," alisema. Akaondoka.

Kati ya yote aliyoyafanya, Kunegunda alikuja kuliona hilo kuwa baya kuliko yote. Kuiba alimwibia kwa sababu ya mtoto, na mtu mwenye moyo angeweza kumwelewa. Lakini kumwambia mwanamke aliyekupa nusu ya chakula chake kwamba hakujaliwa, huku umeshika mlenda mkononi? Kila alipolikumbuka alitoa sauti ndogo kooni, hata akiwa peke yake mtoni, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mama Chande sasa alikula siku moja na kuruka moja, na siku aliyokula alikula povu. Akaomba Kunegunda ampikie kimkate kidogo hata siku za zamu ya Chiku. Kunegunda alipika. Bakuli moja ilitoa kimkate kilichojaza sahani, mzee akakila chote na kulamba vidole, akasema amepona. Mvua zilizidi. Mahindi shambani yalifika kiunoni, yakaanza kutoa mbelewele, na watu wakawa wanayaangalia kila asubuhi.

Asubuhi moja Mama Chande alinyosha miguu nje juani na kumwita.

"Mkamwana, njoo uone. Wanasema njaa. Tazama mimi ninavyonenepa kwa mkono wako."

Miguu ilikuwa imejaa, ngozi imenyooka na kung'aa, vifundo havionekani. Kunegunda alipiga magoti akaishika. Aliminya kwa kidole gumba juu kidogo ya unyayo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Alingoja lifumbe, halikufumba. Alikuwa ameshaona miguu ya namna ile misheni, kwa watu waliokuja wakitambaa kutoka njia ya Kilwa, na alijua hawakumaliza mwezi.

"Imekuwa kama ya mke wa afande," Mama Chande alisema, akicheka.

Kunegunda alisema lazima akateke maji. Alifika mpaka nyuma ya zizi akakaa chini kwenye matope, akafunika uso kwa nguo. Hakulia. Aibu ilimkausha machozi. Alikuwa akimwua mama wa mumewe kwa kipande baada ya kipande, na mama yule alikuwa akimshukuru.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Aliingia ndani, akavuta kibuyu kutoka chini ya kitanda, akamimina unga wote uliokuwamo juu ya ungo. Akaongeza bakuli tano kutoka kikapuni. Hakuchachusha kitu. Mlenda aliutupa. Alikanda kwa maji ya moto kama Chiku anavyokanda, akashindilia chunguni kwa ngumi mpaka chungu kikakataa, na bado unga ulibaki. Mchana ule Benigna alikuja nyuma ya nyumba akakaa mahali pake pa kila siku, akangoja. Hakuletewa kitu. Kunegunda alimbeba mgongoni na kuendelea na kazi.

Alifunua chungu jua likiwa bado juu, wote wakiwapo uani. Mkate ulikuwa mweupe, umelala, umenyamaza. Alipoukata kisu kilinasa. Alichukua kipande kikubwa kabisa akapiga magoti kumpa Mama Chande.

Mzee alikipokea kwa furaha, na mkono wake ukashuka kwa uzito wake. Alikitazama. Alikitia mdomoni, akakisukuma upande huu na upande ule. Alijaribu kwa meno mawili. Akakitoa, akakiweka gotini.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Hujanikosea, Mama."

"Nimesema neno gani? Nimezoea maneno mabaya, najua. Lakini kwako sijasema. Kama umenichoka niambie, nitarudisha mkeka wangu kule nilikotoka." Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye mikunjo ya mashavu. "Hata wewe, mwenye mkono mwepesi?"

Chiku alikuwa amesimama na kipande chake mkononi, akikipima. Alikishusha na kukipandisha, halafu akamtazama Kunegunda, na Kunegunda akaona kwamba ameelewa, au karibu. Hapakuwa na pa kukimbilia tena, na alishangaa kuona kwamba ndivyo alivyokuwa akitaka.

"Mama," alisema, "ule mkate mwingine hauna kitu ndani. Ni povu. Nilikuwa natia bakuli tatu badala ya tano, na mbili naficha, nampikia Benigna uji mkiwa hampo. Hakuna yai. Hapajawahi kuwa na yai. Ni maji ya majivu yanayogeuza rangi. Miguu yako haijanenepa, Mama, imevimba kwa njaa, na njaa hiyo nimekupa mimi. Mama Mwanne alikuwa anakupa chakula. Mimi nilikuwa nakupa hewa."

Alisema haraka, macho yakiwa chini, na alipomaliza alingoja. Alingoja kutukanwa, kupigwa kwa kigoda, kufukuzwa mbele ya watu. Angeshukuru lolote kati ya hayo.

Mama Chande alifuta uso kwa kiganja. Akamtazama Kunegunda, kisha akamgeukia Chiku, na polepole uso wake ukafunguka.

"Mnamwona?" alisema. "Mnamwona mtoto huyu? Nimemsema vibaya mwenzake mbele ya majirani siku zote hizi, na leo amepika mkate mbaya kusudi, akajitia uongo mdomoni, ili aibu imtoke mwenzake imrukie yeye! Majivu! Ulimi huu umekula mayai kabla Mjerumani hajajua Songea iko wapi. Nisijue yai mimi?"

"Mama, ni kweli ninayosema. Naapa kwa Mungu."

"Usiape. Usimwingize Mungu katika uongo, hata uongo mzuri." Alimwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, wa mifupa. "Sijapata kuona mke mwenza wa namna hii. Mungu akupe watoto kumi. Lakini mkate huu siuwezi, mwanangu. Kesho nitengenezee ule."

Kunegunda alimgeukia Chiku. "Mwambie. Wewe umejua. Mwambie kwamba ni kweli."

Chiku alikuwa akimtazama Benigna mgongoni kwa mwenzake, kisha Mwanne, aliyekuwa amekaa chini anatafuna mkate mzito kwa mikono miwili. Mwanne ambaye alikuwa na miaka sita na uzito wa mtoto wa minne. Kunegunda aliona kila kitu kikipita usoni pake: bakuli ya sita, mkeka aliobeba, magoti aliyopiga. Kisha Chiku akainama akaokota kile kipande kilichokuwa gotini kwa mama mkwe. Akaenda nacho jikoni, akakimega ndani ya bakuli la maji ya moto, akaponda kwa mwiko mpaka kikawa uji mzito.

Alirudi na bakuli.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Anasema uongo kwa ajili yangu. Mkate mbaya wa leo nimekanda mimi, yeye amenisitiri tu. Lakini huu nimeulainisha kama alivyonifundisha yeye. Kula."

"Si nilisema!" Mama Chande alipiga paja.

Kunegunda alifumbua mdomo, na Chiku akamwekea bakuli mikononi, kwa nguvu, uji ukaruka kidogo ukamwagika kidoleni. Akamwinamia sikioni.

"Kwangu hali," alinong'ona. "Kwako anakula. Mlishe."

"Mama Mwanne, siwezi. Atanishukuru."

"Ndiyo. Atakushukuru," Chiku alisema. "Kila siku, mpaka mahindi yakomae. Na kesho utampa huu tena, nami nitatia bakuli tano, na wewe tano, na nitazihesabu."

Hakuna mwanamke Ungoni aliyewahi kumwambia mke mwenzake neno hilo la mwisho. Alipiga magoti tena mbele ya mama mkwe wao. Alichota kwa mwiko mdogo, akapuliza, akapeleka. Mama Chande alifungua mdomo na kumeza.

"Mzito kidogo," alisema, "lakini unateremka. Mungu akuongezee, mkamwana."

Kunegunda akachota tena, akapeleka.

"Mungu akulipe kwa moyo ulio nao."

Chiku alikuwa amesimama nyuma yake, hajaondoka, kipande chake mwenyewe bado hajakila. Kunegunda alijua anangoja nini. Aliinamisha kichwa.

"Ahsante, Mama," alisema, akachota mwiko mwingine.